Asidi Amino Nne na Ahadi ya Ujana

Alanini, asidi ya glutamiki, asidi ya aspatiki na glisini. Asidi amino hizi nne zimo katika maharage, samaki na nyama tunayokula, na hakuna anayeziogopa. Zikiunganishwa kwa mpangilio huo, moja baada ya nyingine, hupatikana peptidi ndogo sana iitwayo Epitaloni. Wanaoiuza mtandaoni wanasema hurefusha maisha, hurudisha usingizi mzuri, hukaza ngozi, na zaidi ya yote hurefusha telomea, yaani ncha za kromosomu ambazo hufupika kadiri seli zinavyogawanyika. Huja kama unga mweupe ndani ya kichupa cha kioo. Mnunuzi huuchanganya na maji mwenyewe, kisha hujidunga chini ya ngozi kwa siku kumi au ishirini mfululizo. Mara nyingi kichupa hichohicho kimeandikwa kwamba bidhaa hii ni ya utafiti wa maabara tu, si ya kutumiwa na binadamu.

Je, ni salama? Wanaoitetea hujibu kwamba imechunguzwa tangu enzi za Kisovieti na hakuna aliyeripotiwa kufa kwa ajili yake. Jibu hilo halinitoshi, na sababu yake iko ndani ya dawa yenyewe. Kama Epitaloni haifanyi kinachodaiwa, mtumiaji amepoteza fedha na kujiweka katika hatari ya sindano isiyo safi. Kama inafanya, basi kazi ileile inayosifiwa ndiyo inayopaswa kututia hofu. Usalama wa kitu hiki hauwezi kupimwa kando na ufanisi wake, na wanaokiuza wanatenganisha viwili hivyo kila siku.

Historia yake inaanzia Leningrad, mji ambao leo ni Saint Petersburg, katika miaka ya 1970. Vladimir Khavinson, daktari wa jeshi katika Chuo cha Tiba cha Kijeshi cha Kirov, pamoja na mwenzake Vyacheslav Morozov, walitengeneza dondoo za peptidi kutoka viungo vya ndama. Kutoka tezi ya thaimasi walipata thimalini. Kutoka tezi ya pineali, iliyo ndani kabisa ya ubongo na inayotoa homoni ya melatonini wakati wa usiku, walipata epithalamini. Hoja yao haikuwa ya kubahatisha. Melatonini hupungua mtu anapozeeka, usingizi huvurugika, na mwili hupoteza mwendo wake wa mchana na usiku; walitaka kujua kama peptidi za tezi hiyo zingeweza kuurudisha. Baadaye, katika taasisi ya gerontolojia iliyoanzishwa Saint Petersburg mwaka 1992, Khavinson na wenzake walichunguza asidi amino zilizomo kwenye dondoo, wakaunda kwa kemia peptidi ya asidi amino nne waliyoamini kuwa inabeba nguvu zake. Hiyo ndiyo Epitaloni. Khavinson alifariki Januari 2024 akiwa ameitetea kwa miongo mingi.

Mpaka kati ya dondoo na peptidi ya kutengenezwa unapaswa kushikwa vizuri, kwa sababu matangazo mengi huufuta. Takwimu inayorudiwa mno kuhusu binadamu inatokana na ripoti ya Khavinson na Morozov ya mwaka 2003. Wazee 266 wenye umri wa miaka zaidi ya 60 walifuatiliwa kwa miaka 6 hadi 8, na waliopewa dondoo ya tezi ya pineali walielezwa kuwa na vifo pungufu kwa mara 1.6 hadi 1.8 kuliko wenzao ambao hawakupewa. Ni matokeo makubwa sana kwa kundi dogo la watu lililogawanywa tena katika makundi kadhaa, na peke yake ukubwa huo ungepaswa kuwahimiza watafiti wa nchi nyingine kurudia jaribio. Lakini la msingi zaidi ni kwamba wazee hao walidungwa epithalamini, dondoo ya ubongo wa ndama yenye mchanganyiko wa vitu vingi. Hawakudungwa Epitaloni. Anayechukua vifo vilivyopungua kwa dondoo na kuvibandika kwenye kichupa cha peptidi moja anauza ushahidi wa dawa nyingine.

Kwa Epitaloni yenyewe, ushahidi ulioipa jina ni wa seli. Mwaka 2003 Khavinson na wenzake waliripoti kwamba walipoiweka kwenye seli za kijusi cha binadamu, kimeng'enya cha telomerezi kiliamka na telomea zikarefuka. Mwaka uliofuata waliripoti kwamba seli za kawaida ziliacha kugawanyika zilipohamishwa kutoka chombo hadi chombo kwa mara ya 34, ilhali zilizotiwa Epitaloni ziliendelea hadi mara ya 44.

Ili kuelewa uzito wa madai hayo, turudi nyuma kidogo. Tangu miaka ya 1960, kwa kazi ya Leonard Hayflick, imejulikana kuwa seli za kawaida za binadamu zikikuzwa maabara hugawanyika takriban mara 40 hadi 60, kisha husimama. Sababu mojawapo ni telomea. Hebu fikiria kamba ya mkonge iliyofungwa uzi kwenye ncha ili isifumuke: kila seli inapogawanyika, uzi huo hupungua kidogo, na unapokaribia kwisha seli hutambua hatari na kuacha kugawanyika. Telomerezi ndicho kimeng'enya kinachoweza kuurudisha. Elizabeth Blackburn na Carol Greider walikigundua mwaka 1984 katika kiumbe cha seli moja kiishicho majini, na mwaka 2009 wao pamoja na Jack Szostak walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Katika sehemu kubwa ya seli za mtu mzima, kimeng'enya hiki kimezimwa.

Kwa nini mwili ukizime kitu chenye faida hivyo? Hapa ndipo palipo kiini cha suala zima. Seli inayogawanyika bila kikomo ndiyo saratani. Kufupika kwa telomea ni mojawapo ya vizuizi vinavyoifanya seli iliyoharibika ifike mahali isimame kabla haijawa uvimbe. Seli za saratani hulazimika kukivunja kizuizi hicho, na katika asilimia 85 hadi 90 ya saratani za binadamu telomerezi hukutwa imewashwa. Mwaka 2013 watafiti waligundua kwamba katika saratani ya ngozi ya melanoma, mabadiliko ya kijeni yanayotokea kwa wingi yako mahali hasa panapoongoza kuwashwa kwa jeni ya telomerezi. Saratani, kwa maneno mengine, hutafuta jambo lilelile ambalo tangazo la Epitaloni linamwahidi mnunuzi.

Wapo watu waliozaliwa na telomea ndefu kupita kawaida, na maisha yao yanatufundisha zaidi kuliko panya yeyote. Mwaka 2023 kundi la Mary Armanios wa Johns Hopkins lilichapisha katika New England Journal of Medicine uchunguzi wa familia zenye mabadiliko katika jeni ya POT1, ambayo kwa kawaida huzuia telomea zisirefuke mno. Watu hao hawakuwa na kinga dhidi ya uzee. Walikuwa na uvimbe wa aina nyingi, mwingine wa kawaida na mwingine wa saratani, zikiwemo saratani za damu, na chembe za damu zenye mabadiliko ya kijeni zilijilimbikiza ndani yao. Uchunguzi wa kijeni wa watu wengi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha picha kama hiyo: waliorithi telomea ndefu zaidi walikuwa na hatari ndogo ya ugonjwa wa moyo, lakini hatari kubwa ya aina kadhaa za saratani. Telomea fupi mno nazo huleta maradhi, kama vile kukakamaa kwa mapafu na uboho kushindwa kutengeneza damu. Kwa hiyo urefu wa telomea hauna mwelekeo mmoja wa heri. Anayesema kuzirefusha ni kurudisha ujana ameikata nusu ya habari.

Watetezi wa Epitaloni wana jibu, na ni haki kulisikiliza. Wanaelekeza kwenye majaribio ya panya yaliyoongozwa na Vladimir Anisimov, mtafiti wa saratani wa Saint Petersburg, akishirikiana na Khavinson. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2003, panya jike 54 walidungwa mikrogramu 1 ya Epitaloni kwa siku tano za kila mwezi, kuanzia umri wa miezi mitatu hadi kufa kwao, na wengine 54 wakadungwa maji ya chumvi. Saratani hazikuongezeka. Lukemia ilipungua mara sita. Katika panya wengine waliobadilishwa kijeni ili wapate saratani ya matiti, Epitaloni ilipunguza uvimbe. Matokeo hayo ni halisi na yanastahili heshima.

Lakini tusome jaribio hilo lote, kwa sababu ndilo nguzo ya kila dai la maisha marefu. Wastani wa maisha ya panya haukubadilika. Waliodungwa Epitaloni na waliodungwa maji ya chumvi waliishi, kwa wastani, sawasawa. Kilichoongezeka ni maisha ya ile asilimia 10 ya mwisho, kwa asilimia 13.3, na umri wa juu kabisa, kwa asilimia 12.3. Asilimia 10 ya panya 54 ni panya watano au sita. Idadi ya jumla ya panya waliopata uvimbe haikupungua wala kuongezeka. Lukemia ndiyo iliyoshuka. Huu ni mwanzo mzuri wa utafiti, na kama ningekuwa na maabara ningetaka kuurudia. Kama msingi wa kumdunga mzee wa miaka 65, ni mwembamba mno.

Kuna kasoro nyingine ambayo ni rahisi kuipita. Panya wa maabara si kipimo kizuri cha swali hili hasa. Telomea zao ni ndefu mara kadhaa kuliko zetu, na telomerezi hufanya kazi katika tishu zao nyingi hata wakishakua. Panya hazeeki kwa kuishiwa telomea, na kinga yake dhidi ya saratani haitegemei kizuizi hicho kama yetu inavyokitegemea. Tena anaishi miaka miwili hadi mitatu. Saratani ya binadamu huweza kuchukua miaka ishirini tangu seli ya kwanza iharibike hadi daktari aione kwenye picha. Mtu wa miaka 60 ana mwilini seli nyingi zilizokwisha kuharibika, na baadhi huenda zimesimama kwa sababu kizuizi hicho bado kipo.

Kwa muda mrefu utafiti wa Epitaloni kwenye seli ulitoka karibu wote kwenye duara la watu walewale walioivumbua dawa na kumiliki hataza zake. Ndiyo maana utafiti wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, uliochapishwa mwaka 2025, una thamani. Watafiti hao waliona telomea zikirefuka katika seli za kawaida za binadamu, telomerezi ikiwa imeongezeka. Kwa hiyo wale waliosema madai ya Khavinson ni uzushi mtupu wanapaswa kunyamaza kidogo. Ila watafiti haohao waliijaribu pia kwenye seli za saratani ya titi, na huko nako telomea zilirefuka, kwa njia nyingine isiyotegemea telomerezi. Wauzaji walishangilia nusu ya kwanza ya habari hiyo. Mimi nusu ya pili ndiyo iliyonikaa moyoni. Seli ndani ya chombo cha maabara si mwanamke mwenye uvimbe ambao haujagunduliwa, na haifai kusema kwamba saratani imethibitishwa. Inatosha kusema kwamba hofu hii imetoka kwenye nadharia na kuingia maabara.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kilichomo kichupani ni Epitaloni safi. Hapo pia pana shida, na kwa Epitaloni shida hiyo ina sura yake ya pekee. Wakemia wanaotengeneza peptidi wanajua kwamba mahali asidi ya aspatiki inapofuatwa na glisini ni mahali dhaifu. Kiungo hicho hujikunja na kuunda pete ndogo, kisha pete hufunguka vibaya, na peptidi inabaki na umbo lililopinda. Epitaloni inaishia kwa jozi hiyo hasa. Jambo hili huweza kutokea wakati wa kuitengeneza, na tena inapokaa ndani ya maji. Peptidi iliyopinda ina uzito uleule wa ile iliyo sahihi, kwa hiyo kipimo cha uzito wa molekuli, ambacho wauzaji hupenda kukionyesha kwenye vyeti vyao, hakiwezi kuzitofautisha. Cheti kinachosema usafi ni asilimia 99 kinaweza kuwa cha kweli kwa kile kilichopimwa na bado kisimwambie mnunuzi anachojidunga.

Wala usafi wa peptidi si usafi wa sindano. Unga unaweza kuwa na peptidi sahihi na wakati huohuo ukabeba sumu za bakteria zinazoleta homa kali na kushusha shinikizo la damu. Kiwanda cha dawa za sindano hulazimika kupima hayo kwa kila kundi la uzalishaji. Maabara inayouza kwa ajili ya utafiti haina wajibu huo, na maandishi yale ya kichupani kuhusu maabara ndiyo yanayoiondolea wajibu. Julai 2025, katika kongamano la wapenda maisha marefu mjini Las Vegas, wanawake wawili walilazwa hospitalini wakiwa mahututi baada ya kudungwa peptidi kwenye kibanda cha maonyesho.

Sisi huku tuna mfano wetu wa jinsi peptidi zilivyo dhaifu, na tunao katika kila wodi ya wazazi. Oksitosini ni peptidi ya asidi amino tisa, iliyoundwa kwa mara ya kwanza maabara na Vincent du Vigneaud mwaka 1953, na ndiyo sindano anayopewa mama akishajifungua ili asivuje damu hadi kufa. Inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Katika nchi za joto watafiti wamekuta mara kwa mara oksitosini iliyopoteza nguvu kwa sababu friji ilizimika au mzigo ulikaa juani, na ugumu huo ni sehemu ya sababu iliyolifanya Shirika la Afya Duniani liongeze karbetosini isiyoharibiwa na joto kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Hiyo ni dawa iliyosajiliwa, inayoagizwa na serikali, yenye mfamasia na mkaguzi nyuma yake. Kichupa cha Epitaloni kilichosafiri kwenye bahasha kutoka bara jingine hakina hata mmoja wao.

Kwa upande wa sheria, Epitaloni haijaidhinishwa kuwa dawa Marekani wala katika Umoja wa Ulaya. Mwaka 2023 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliiweka pamoja na peptidi nyingine kadhaa katika kundi la malighafi zenye mashaka makubwa ya usalama, ambazo maduka ya kuchanganya dawa hayakupaswa kuzitumia. Sababu ilizotoa ni uwezekano wa kinga ya mwili kuushambulia mchanganyiko, uchafu unaotokana na utengenezaji, na uchache wa taarifa za usalama kwa binadamu. Wanariadha wetu nao waelewe kwamba kanuni za kupambana na dawa za kusisimua misuli hupiga marufuku kitu chochote ambacho hakijaidhinishwa na mamlaka yoyote ya afya kwa tiba ya binadamu, hata kama jina lake halikutajwa.

Nini kingetosha kubadili mawazo yangu? Mfano upo. Mwaka 2009 dawa ya rapamaisini ilionyeshwa kurefusha maisha ya panya katika maabara tatu za Marekani zilizofanya jaribio lilelile kwa wakati mmoja, kila moja kivyake, tena kwa panya waliokwisha kuzeeka. Wastani wa maisha na umri wa juu vyote viliongezeka, kwa majike na madume. Hata baada ya matokeo hayo, watafiti makini hawakuwaambia wazee waanze kuinywa. Walianza majaribio madogo kwa watu, wakipima dozi, damu na madhara. Epitaloni haijapitia mtihani wa namna hiyo. Miligramu 5 hadi 10 kwa siku zinazotajwa na watumiaji hazikutokana na jaribio la kutafuta dozi kwa binadamu, bali zimesambazwa na wauzaji na kurithishwa kutoka mtumiaji mmoja hadi mwingine.

Ninaelewa kwa nini watu wanaitafuta. Kuzeeka kunauma. Magoti, macho, usingizi unaokatika saa tisa usiku, marafiki wanaozikwa mmoja baada ya mwingine: hakuna anayepaswa kudharauliwa kwa kutaka miaka michache zaidi yenye nguvu. Ni kwa ajili ya watu hao nasema bila kuzunguka kwamba, kwa ushahidi uliopo leo, Epitaloni haistahili kudungwa katika mwili wa mtu nje ya utafiti unaosimamiwa. Kwa aliyewahi kuugua saratani, au mwenye saratani katika ukoo wake, ningesema asiiguse kabisa.

Ukiletewa, muulize anayekuletea namba ya usajili, kisha uihakiki kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kama uko Tanzania, au kwa mamlaka ya dawa ya nchi uliyomo. Na kama umekwisha kuitumia, usimfiche daktari wako. Mwambie jina lake, dozi, tarehe ulizojidunga na mahali ulipoinunua, umpelekee na kichupa ikiwa bado unacho. Anayekupima uvimbe au homa isiyoeleweka anahitaji kuyajua hayo kuliko anavyohitaji kujua umri wako.